Nilijifunza kuelea nikiwa na miaka 41

Januari 2024 nilikuwa natafuta risiti ya friji kwenye droo, maana dhamana yake ilikuwa inakaribia kuisha, nikakutana na shajara zangu tatu za zamani: ya 2019, ya 2021 na ya 2023. Nyingine sijui zilipotelea wapi. Ukurasa wa kwanza wa kila moja nimeandika MALENGO kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake kwa rula. Mimi ni mhasibu, bila rula sina amani. Orodha zote tatu zilikuwa moja: kupunguza kilo nane, kusoma vitabu kumi na viwili, kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuanza mradi wa kuku. Ile ya 2023 hata idadi ya kuku sikujisumbua kuibadilisha.

Sikusikitika, na hicho ndicho kilichonitisha baadaye. Pale pale nilicheka tu kwa pua, nikaendelea kutafuta risiti.

Hali ile ina jina zuri kwa Kiswahili: kukinai. Aliyekinai hana ugomvi na chakula. Pilau iko mbele yake, inanukia, anakumbuka vizuri kwamba anaipenda, ila mkono hauendi. Nilikuwa na kazi, watoto wawili wenye afya, nyumba ya kupanga Kigamboni yenye maji ya uhakika (wa Kigamboni wenzangu wanajua uzito wa maneno hayo), na nilikuwa nimekinai. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na msiba. Siku zilikuwa zinapita kama daladala ambayo si ya njia yako, unaitazama tu.

Semina za kujitambua nilishahudhuria tatu, moja ya kulipia. Unapiga makofi, unamgeukia jirani yako na kumwambia "wewe ni mshindi", naye anakwambia hivyo hivyo, na kwa siku mbili unatembea kama umepewa uongozi wa nchi. Ikifika Jumatano umesharudi ulipokuwa. Sitaki kuwasema wahamasishaji, nao wana ada za kulipa. Ila wote niliowasikiliza walinifundisha kwamba kwanza unapata hamasa, halafu ndiyo unaanza. Miaka mitano nilikaa nikiisubiri ije.

Kilichonisogeza ni simu kuzima chaji.

Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alikuwa anajifunza kuogelea kila Jumamosi asubuhi kwenye bwawa la hoteli moja. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika taulo na kukaa kwenye benchi na simu. Jumamosi moja ya Februari simu ikazima, nikakosa pa kutupia macho, nikamtazama yeye. Mtoto ambaye bado nilikuwa namfunga kamba za viatu alikuwa amelala chali juu ya maji, mikono ameitandaza, anaongea na mwenzake kuhusu katuni. Amelala juu ya maji! Nikaona kitu kinanipanda kifuani, nikakitafutia jina la heshima, fahari ya mzazi labda, lakini halikukaa. Ulikuwa wivu. Nilimwonea mwanangu wivu mpaka nikainuka kwenye benchi.

Mtu aliyekinai haoni wivu. Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nilipoliona hilo.

Nimezaliwa Mwanza mwaka 1983, nikakulia Kirumba, dakika chache kwa miguu kutoka Mwaloni, ambako dagaa wanashushwa na harufu yao inakufuata mpaka darasani. Ungedhani mtoto wa namna hiyo anajua maji. Mama alitukataza ziwa tangu tukiwa wadogo, kwanza kwa sababu ya kichocho, na hapo alikuwa na haki, kilikuwepo na kipo. Kaka zangu walikuwa wanatoroka hata hivyo, wanarudi na nywele zimekauka haraka haraka, ngozi imepauka, wanachapwa. Mimi nilikuwa mtiifu.

Halafu ikaja Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba ilikuwa inakuja Mwanza kutoka Bukoba, imeshapitia Kemondo, ikapinduka asubuhi ikiwa imekaribia kabisa kufika. Watu wa Mwanza wa umri wangu hatuhitaji kusimuliana. Mamia kwa mamia walikufa, nchi ikaomboleza siku tatu, na wengi wakazikwa Igoma. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mtaani kwetu kulikuwa na mama aliyekuwa ameenda Bukoba kwenye msiba, naye akawa msiba. Ninachokikumbuka zaidi ni sauti: redio zote za mtaa zilikuwa zimefunguliwa kwenye kituo kimoja, ukitembea kutoka nyumba hadi nyumba taarifa haikatiki masikioni.

Toka siku hiyo mama hakutaja tena kichocho. Alisema, "Maji ni ya kunywa na kufulia." Kila Desemba tulikwenda kwa bibi Sengerema, na kwenda Sengerema maana yake kupanda kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi. Mama alikuwa anatushika mikono mpaka vidole vinakufa ganzi, rozari mkononi, na hatushuki garini wala hatuangalii nje. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka jirani na kisiwa cha Ukara, alinipigia simu nikiwa ofisini Dar na kusema neno moja tu: "Umeona?" Kana kwamba kuna siku nilibishana naye.

Nami kimya kimya nilikuwa nimeshaurithi woga wake na kuuhamishia Dar. Nilikubali kuhamia Kigamboni baada ya daraja kufunguliwa mwaka 2016, si kabla. Pantoni ya Magogoni, ile ya kuvukia kwenda Kigamboni, nimeipanda mara nne katika maisha yangu, na zote ninaweza kuzihesabu.

Basi, mwanamke wa namna hiyo akaenda kulipia vipindi kumi vya kuogelea.

Wasomaji wa kike mtaniruhusu niseme la nywele kwanza, kwa sababu hakuna anayelisema na ndilo linalowazuia wengi. Nilikuwa na rasta za wiki mbili. Kofia ya kuogelea haikukaa juu yake, ilikuwa inaruka kama mfuniko wa sufuria. Nikazifumua, nikajaribu mabutu, dawa ya maji ikanikausha mpaka nikafanana na brashi ya viatu. Mwezi wa pili nikanyoa. Ofisini wakaniuliza kama nimefiwa. Baba watoto akatazama muda mrefu, akasema, "Mwaka ujao utaniambia unajifunza kurusha ndege." Vazi nilishona la kwangu, mikono mirefu na suruali.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawakunijua mimi. Nilizivua, nikavaa vazi langu jipya, nikasimama kwenye ngazi ya bwawa maji yakiwa magotini, nikakaa hapo dakika ishirini. Kocha alikuwa binti wa Tanga, wa miaka ishirini na tatu hivi. Hakunisukuma, hakunihamasisha, nashukuru sana kwa hilo. Aliniambia, "Anti, leo tupulize mapovu tu." Kipindi chote cha kwanza nililipa hela kupuliza mapovu.

Kumbe mapovu ndiyo shule yenyewe. Asiyejua maji hudhani kazi ni kubana pumzi. Unabana, kifua kinawaka moto, unakurupuka, unameza maji. Ule moto, alinieleza, hautokani na kuishiwa oksijeni. Oksijeni bado unayo ya kutosha. Ni hewa ukaa inayorundikana kwenye damu, ndiyo inayoupigia ubongo kengele. Dawa yake ni kupumua nje taratibu ukiwa ndani ya maji, uitoe, ukiinua uso uwe na kazi moja tu ya kuvuta. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Miaka arobaini na moja nilikuwa naamini tatizo langu ni upungufu, kumbe ni kung'ang'ania kilichotakiwa kutoka. (Hapo nilikuwa naanza kuongea kama wale wa semina, nikajinyamazisha.)

Kuelea kulinichukua wiki sita. Mwanangu kulimchukua Jumamosi mbili. Sababu ni kichwa: mtu mwenye hofu huinua kichwa aone anakokwenda, kichwa kikiinuka nyonga inashuka, nyonga ikishuka miguu inafuata, basi unazama kwa sababu ya kujilinda usizame. Mapafu yenye hewa yanatosha kukubeba, ila mpaka uyakubali masikio yako yaingie majini. Masikio! Kila maji yalipogusa masikio nilikuwa naisikia Mwanza ya 1996.

Siku nilipoelea sikujua. Nilikuwa naangalia juu, kuna kunguru kwenye waya, nikawa nawaza kuna mhindi nimeuacha jikoni, na kocha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anti, nimeshakuachia kitambo." Nikazama papo hapo. Lakini nilikuwa nimeshaelea.

Baadaye tukiwa tumekaa ukingoni aliniambia bibi yake, mtu wa pwani hasa, akielezwa jambo likamwingia husema "yamenielea". Nikaenda kuangalia kwenye kamusi, na kweli, kuelea kuna maana hiyo pia, jambo kuwa wazi kwa mtu. Nimezungumza Kiswahili maisha yangu yote na sikuwahi kuliwekea jicho neno hilo. Wiki nzima nikawa kero ofisini: "Ripoti imekuelea?"

Hapo ndipo nilipoanza kumkumbuka bibi wa Sengerema, mama yake mama. Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Kanda ya Ziwa, kuanzia Mwanza, ndiko mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulikoanzia mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, na Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Kwa wakulima kama bibi vitabu vyenyewe vilikuwa vya kilimo cha pamba: unajifunza silabi na palizi kwa mkupuo mmoja. Watu wa mipango walitaka pamba iongezeke.

Sijui ya bibi iliongezeka kiasi gani. Najua kwamba hakuacha kusoma hadi anakufa, na alisoma kila kitu. Maandazi yakija yamefungwa kwenye gazeti, anakunjua gazeti kwanza, maandazi yanapoa. Alisoma maandishi ya kwenye mifuko ya simenti. Alisoma nyuma ya kiberiti. Akiwa kwenye basi alisoma mabango yote kwa sauti kutoka Busisi mpaka nyumbani, nasi wajukuu tunaona aibu tunajizamisha kwenye viti. Aibu ile leo naiona kama mali niliyokuwa naikanyaga. Bibi alikuwa na miaka sabini na kitu na dunia ilikuwa bado inamletea kitu kipya kila imfungiapo andazi.

Nikajiuliza yeye alikuwa na nini ambacho mimi sina. Hakuwa na malengo kumi na mawili. Alikuwa na jambo moja alilolipata akiwa amechelewa, basi halikuwahi kuzoeleka.

Nikanunua daftari, la bei rahisi, la kurasa 48. Nikalichora kihasibu, safu tatu: tarehe, mizunguko, na ya tatu nikaiandika "Kipya". Hapo naandika kitu kimoja nilichokigundua siku hiyo, kidogo kiasi chochote. Hakuna safu ya lengo, na nilikusudia. Kumbukumbu chache za mwaka wa kwanza: "Ukitoa ulimi nje huwezi kumeza maji, ila unaonekana mjinga." "Mkono wa kushoto mvivu." "Maji ya saa kumi na mbili asubuhi yana joto kuliko hewa." "Nimemwona mzee wa miaka kama sabini anaogelea polepole bila kelele, kama anasafisha njia." Na nyingi zaidi ya hizo: "Hakuna kipya. Nimechoka."

Lazima niseme ukweli kuhusu hizo za mwisho. Mwezi wa tano niliogelea mita 25 kwa mara ya kwanza, urefu mzima wa bwawa, nikatoka nikilia, kocha akadhani nimejiumiza. Baada ya hapo, miezi mitatu, hakuna kilichosogea. Tatizo lilikuwa kuvuta pumzi kwa ubavu. Kila nikigeuza uso, mwili wote unageuka, naishia chali kama kobe. Katikati ya hapo nikaugua malaria, nikakaa wiki tatu bila kuingia majini, na niliporudi nilikuwa nimerudi nyuma ya pale nilipoachia. Hata kuelea kulisumbua. Siku hizo hamu haikuwepo hata chembe. Niliingia kwa sababu nililipa, na kwa sababu daftari lilikuwa na mstari unaosubiri tarehe. Kuna siku niliingia, nikaenda mizunguko miwili, nikatoka, nikaandika "Hakuna kipya", nikaenda kazini. Hamu ilikuwa inakuja wakati mwingine mzunguko wa sita, wakati mwingine kesho yake nikiwa kwenye foleni, wakati mwingine haikuja. Nikaacha kuisubiri mlangoni.

Siku ubavu ulipokubali sikubadilisha chochote ninachoweza kukutajia. Ulikubali tu.

Safu ya "Kipya" ilianza kuvuja nje ya bwawa bila ruhusa yangu. Nikataka kujua bahari. Nimeishi kando yake miaka kumi na tano, na sikuwahi kujua kwa nini Jumapili moja tunakuta maji mlangoni na Jumapili nyingine tunayatafuta kwa macho. Nikamuuliza mvuvi mmoja wa Mjimwema, mzee, nikamwamkia shikamoo, akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, alisema, ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Na kila siku maji huchelewa kuliko jana, kama dakika hamsini hivi, ndiyo maana aliyekuja kuogelea saa nne leo akija saa nne Jumamosi ijayo atakuta mchanga na kaa. Mambo haya kila mtoto wa pwani anayajua. Mimi niliyasikia nikiwa na miaka arobaini na mbili, mdomo wazi, nikasahau kununua samaki niliyemfuata.

Siku hizi naangalia mwezi kabla ya kupanga Jumapili. Niliingia baharini kwa mara ya kwanza siku ya maji mafu, na mzee alikuwa ameniambia nitajiona mwepesi. Kweli. Chumvi huyafanya maji ya bahari yawe mazito kidogo kuliko ya bwawa au ya ziwa, yanakubeba zaidi. Nililala chali nikakaa pale mpaka baba watoto akaanza kuita jina langu kwa sauti ya juu.

Nisikudanganye kwa matokeo. Sijapungua kilo nane, nimeongezeka mbili. Kuku bado ni wa kinadharia. Kazini nipo meza ile ile, na mwezi wa kufunga hesabu bado nachukia kila mtu. Ila kuna siku mwaka huu uliopita kijana wa mafunzo alinionyesha njia ya kupanga majedwali ambayo sikuijua, na kabla sijakumbuka cheo changu nilikuwa nimeshavuta kiti nikae chini yake nifundishwe. Miaka mitatu nyuma ningesema "sawa, niachie nitaangalia".

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji. Mama alipolivuka mara ya kwanza alinipigia simu akiwa bado juu yake. "Tumeshafika katikati," akasema, "na sijashika rozari." Kisha, maana yeye ni mama yangu: "Sasa huko kuogelea kwako kutakusaidia nini, na daraja lipo?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia aje aone.

Alikuja Desemba, na mfuko wa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga mbichi za kwetu, ambazo alizichemsha na maganda yake usiku ule ule. Jumamosi akatusindikiza bwawani. Alikataa benchi lililo karibu na maji, akachagua la ukutani, akajifunika khanga mabegani kama mtu aliyekuja kuhani. Binti yangu akaingia, mama akafumba macho. Nikaingia mimi, sikujua alifanya nini, nilikuwa naangalia chini.

Nilikuwa nimemwambia nitakwenda mara kumi na sita, mita mia nne. Nilipomaliza na kuvua miwani, hakuwa ukutani. Alikuwa amevuta kiti cha plastiki mpaka ukingoni, karanga zimepangwa mstari kwenye mkono wa kiti.

"Kumi na tano," akasema.

"Kumi na sita, mama."

"Kumi na tano. Kila ukigusa huku au kule naweka moja. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Zilikuwa kumi na tano. Chini ya kiti kulikuwa na ganda moja.

"Moja umeila," nikasema.

Akalitazama ganda, akalisogeza kwa mguu, taratibu, nyuma ya kiti.

"Hebu rudi uongeze moja," akasema, "tusibishane mbele ya mtoto."

Nikavaa miwani.